"Mamadou Angekuwa Hai": Sentensi Inayotupoteza

Juu ya kioo cha kinyozi mmoja wa Katubza, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kuna picha ya Mamadou Ndala iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani. Pembe zake zimejikunja kwa joto la mabati, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu maneno yanayosemekana kuwa ya marehemu. Siku niliyokwenda kunyolewa, kitini alikuwa kijana wa miaka 17. Amezaliwa Dowa, amesoma Dowa, Kichewa chake ni cha mwenyeji kabisa. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, anaijua kwa simu tu. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, kijana akainua macho kwenye picha akasema: "Mwalimu, Mamadou angekuwa hai, Goma isingeanguka." Sote tuliokuwa kwenye benchi tukatikisa kichwa kukubali. Hata mimi. Nilirudi nyumbani na aibu, kwa sababu nilikubali jambo nisiloliamini, mbele ya mtoto ambaye mwaka ujao ataweza kulifanyia kazi.

Sentensi ile naisikia tangu Januari 2014. Naisikia kwenye foleni ya maji, naisikia baada ya ibada, naisikia ndani ya minibasi ya kwenda Lilongwe. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 imekuwa kama salamu. Wasemaji wake ni watu wazuri waliopoteza mashamba na jamaa, na ndiyo maana hakuna anayethubutu kuwabishia. Mimi nitawabishia, kwa heshima, kwani nami nimefiwa kama wao. Nilitoka Rutshuru mwaka 2008, wiki ile ya mauaji ya Kiwanja, na hadi leo sijarudi.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Mamadou Mustafa Ndala alizaliwa Ibambi, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1978. Mwaka 2013 aliongoza kikosi cha 42 cha makomando katika vita dhidi ya M23, kaskazini ya mji wa Goma. Hakuwa kamanda wa hotelini. Raia walimwona kwa macho yao barabara ya Kibati, miongoni mwa askari wake, na Julai mwaka huo uvumi ulipoenea kwamba anaitwa Kinshasa, watu wa Goma waliingia barabarani kupinga asiondolewe. Ni nadra katika nchi yetu raia kuandamana ili askari abaki. Tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni, gari lake lilipigwa na kombora, akafa akiwa na miaka 35. Alikufa kanali, ujenerali ulimfuata kaburini. Kwa hiyo asije mtu akasema namdharau. Ninachokipinga ni matumizi tunayomfanyia.

Nianze na maneno yake, kwa kuwa kila mtu hapa ana neno la Mamadou. Kwenye simu kuna picha yake na maandishi chini: kwamba alitabiri kifo chake, kwamba alisema adui wa Kongo yumo ndani, kwamba askari anayeogopa hafai kuzaliwa na mama Mkongomani. Nimejaribu kwa miaka kuuliza jambo moja dogo: alilisema wapi, siku gani, mbele ya nani? Sijapata mtu wa kunijibu zaidi ya "nilitumiwa". Yako mahojiano aliyofanya na wanahabari mwaka ule, na yeyote anaweza kuyatafuta. Humo utamkuta askari anayeeleza kazi yake. Nabii unayemkuta kwenye simu humo hayumo. Maneno mengi ya unabii yamezaliwa baada ya maziko, na maiti haina mdomo wa kukanusha.

Kalibu ya maneno haya tunaijua, imetengenezwa kabla yake. Mzee Laurent-Désiré Kabila alituachia kauli ya kutoisaliti Kongo kamwe, na tarehe 16 Januari 2001 akapigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Tangu siku ile kifo chake kimekuwa ushahidi wa kauli yake: alisema usaliti, akasalitiwa, basi kila alichosema ni kweli. Hakuna tena anayeuliza alitawala vipi, aliwafunga akina nani, aliyaalika majeshi gani. Mamadou tumemmimina kwenye kalibu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Mzee kauli yake aliitamka, na huyu kijana tumemtungia.

Lakini maneno ni jambo dogo. Kubwa ni hesabu ya vita yenyewe, na hapa naomba msomaji asichoke, kwa sababu uongo wa sentensi ile umejificha kwenye tarehe.

Goma ilianguka mara ya kwanza mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012. Siku mbili tatu baadaye Kinshasa ikamsimamisha Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuuza silaha kwa makundi yenye silaha. Fikiria hilo: mkuu wa jeshi anatuhumiwa kuuza risasi zitakazorudi kumwua askari wake. Akawekwa Jenerali François Olenga. Maafisa wengine wakaondolewa mashariki, makomando wakaletwa, chakula kikaanza kufika kwa anayepigana. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa karatasi na mihuri, na wino wake ulikauka kabla jina la Mamadou halijajulikana sokoni Virunga.

Nje nako mambo yaligeuka. Nchi kadhaa za Ulaya na Marekani zilisimamisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda kwa sababu ya ripoti kwamba inaisaidia M23, jambo ambalo Kigali imelikana wakati wote. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zikatia saini mkataba wa Addis Ababa. Wakati huohuo M23 ikapasuka: watu wa Sultani Makenga na watu wa Bosco Ntaganda wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 18 Machi Ntaganda akajipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akaomba apelekwe The Hague. Alikokwenda alihukumiwa miaka 30. M23 iliyokutana na Mamadou Julai ilikuwa imekwisha kujikata mguu mmoja.

Ndipo tarehe 28 Machi Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kuingilia kati yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Hawa waliruhusiwa kushambulia, si kulinda kambi tu. Mwishoni mwa Agosti, kwenye vilima vya Kibati, Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania alikufa kwa kombora. Helikopta za kivita za Umoja wa Mataifa zilipiga kutoka juu. Oktoba mashambulizi ya mwisho yalipoanza, mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani na Uingereza walimpigia simu Rais Kagame, na safari hii M23 hawakupata wa kuwaunga mkono kwa mizinga. Kibumba, Kiwanja, Rutshuru, Rumangabo, Bunagana: kwa siku chache vyote vikakombolewa, na tarehe 5 Novemba vilima vya Chanzu na Runyonyi vikawa mwisho wa habari.

Sasa niambieni: katika yote hayo, ni lipi lililofanywa na mtu mmoja? Mamadou alifanya kazi yake, tena vizuri. Lakini aliifanya akiwa na chakula nyuma yake, helikopta juu yake, majeshi ya nchi tatu ubavuni mwake, na adui aliyekatiwa mrija. Na juu yake katika ngazi ya amri alikuwepo Jenerali Lucien Bahuma, mkuu wa eneo la 8 la kijeshi, aliyefariki kwa maradhi huko Afrika Kusini mwisho wa Agosti 2014. Bahuma ndiye aliyeibeba vita ile mezani na porini. Kwenye vibanda vyote vya vinyozi vya Dzaleka sijaona picha yake hata moja. Hakufa kwa kombora, basi hatuna hadithi naye.

Nilipowahi kusema haya kwa wazee wenzangu, mmoja alinijibu: "Lakini askari ni roho, Mwalimu. Simba mmoja akiongoza kondoo mia, kondoo wanakuwa simba." Ni maneno matamu, na nimeyafikiria kwa muda mrefu. Jibu langu ni Minova. Novemba 2012, baada ya kukimbia Goma, askari wa jeshi letu walikwenda Minova, kandoni mwa Ziwa Kivu, na kwa siku kadhaa wakabaka wanawake na wasichana zaidi ya 100. Askari 39 walishtakiwa. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani kwa kubaka wawili tu. Miezi minane baada ya Minova, katika jeshi hilohilo lililokuwa na Mamadou mstari wa mbele, Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba maiti za wapiganaji wa M23 zimedhalilishwa. Simba alikuwepo. Hilo halikuzuia. Askari asiye na mshahara, asiye na adhabu, asiye na kamanda anayeogopa sheria, hageuki kwa kumtazama mtu shujaa aliye kilima cha pili.

Na kama bado mtu anataka simba, basi tuseme la Januari 2025, maana hilo hatupendi kulisema. Kivu Kaskazini ilikuwa na gavana wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami. Naye hakukaa ofisini. Alikwenda mstari wa mbele upande wa Sake, akajeruhiwa, akafa. Habari za kifo chake zilitufikia tarehe 24. Usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 wakatangaza kuuchukua mji. Jenerali jasiri alikuwepo na akatoa damu yake, kama tulivyotaka. Mji ulisimama siku tatu.

Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2025 sehemu kubwa ya yale ya 2013 haikuwepo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda ndani ya Kongo ni kati ya 3,000 na 4,000. Simu za wakubwa hazikupigwa kwa wakati. Serikali ilikodi mamluki wa Kiromania, ambao kwa taarifa za wanahabari walilipwa karibu dola 5,000 kwa mwezi, ilhali askari wetu alikuwa akipata kama dola 100. Mji ulipoanguka, takriban 280 kati yao walivuka mpaka kupitia Rwanda, wakapanda ndege kwenda kwao. Mfufue Mamadou asubuhi ya tarehe 26, umpe kikosi kilekile cha askari wa dola 100 wanaomwona Mzungu wa dola 5,000 akifunga mizigo. Angekufa kama Cirimwami, na sisi tungekuwa na picha mbili za kubandika.

Hapa nataka nisimulie kuhusu Area 23. Kabla ya agizo la mwaka 2023 la kuturudisha wakimbizi wote kambini, nilikuwa na kiduka kidogo mjini Lilongwe, mtaa wa Area 23: chumvi, sabuni, sukari ya kupima, mafuta ya kula katika vichupa. Jirani yangu alikuwa askari wa jeshi la Malawi. Asubuhi moja alikuja kununua mkate, akanisalimu kwa Kiswahili, tena si cha vitabuni: Kiswahili chetu cha Kivu, kile cha "habari ya masiku". Nilimwuliza kakitoa wapi. Akasema alikipata Goma na Beni, akiwa na brigedi. Tulizoeana. Hakuwahi kunisimulia ushujaa. Alinisimulia mvua, viatu visivyokauka wiki nzima, na mtoto aliyekuwa akija kwenye seng'enge kuuza ndizi. Siku moja aliniuliza, bila ubaya: "Bambo, mimi nilikuwa kwenu mwaka mzima. Mbona kila Mkongomani ninayekutana naye hapa ananitajia kanali mmoja, hakuna anayeniuliza sisi tulipoteza wangapi?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na nalitoa kwa kuchelewa. Tarehe 14 Novemba 2018, katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF karibu na Beni, walikufa walinda amani kadhaa wa Malawi na Tanzania. Mmoja wa wale Wamalawi alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa, Private Chancy Chitete. Wakati wenzake wanarudi nyuma chini ya risasi, alimwona Mtanzania aliyejeruhiwa, Koplo Ali Khamis Omary, hawezi kutembea. Chitete alimvuta mpaka penye kinga, akawa anamfunga jeraha asivuje damu, na hapo akapigwa yeye. Omary aliishi. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete, akiwa marehemu, nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo ni nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Na Januari 2025, Goma ilipokuwa inaanguka, Wamalawi watatu wengine walikufa kule, kabla Rais wa wakati ule, Chakwera, hajaamuru Februari kwamba kikosi kijiandae kurudi nyumbani.

Sisi tunaishi kwenye ardhi ya watu hawa. Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa la enzi za Kamuzu Banda. Tangu 1994 wametupa tukae, mahali palipopangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa tumepita 50,000. Tunayo malalamiko yetu, na mengine ni ya haki. Lakini katika kumbukumbu yetu ya vita hatukuacha nafasi hata ya jina moja la Kimalawi. Tumejaza ukuta mzima na picha moja.

Bado sijafika kwenye madhara yanayoniuma kuliko yote. Sentensi "Mamadou angekuwa hai" haisimami peke yake. Ina pacha wake, na pacha huyo huitwa "msaliti". Ukiamini kwamba mtu mmoja alitosha kuokoa nchi, lazima uamini kwamba mtu mmoja alitosha kuiuza, na utaanza kumtafuta. Kinshasa ni mbali, Kigali ni mbali. Aliye karibu ni jirani wa pua fulani na lafudhi fulani pale kwenye bomba la maji. Nimemwona mama wa Kinyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, akirudishwa nyuma ya foleni na ndoo yake tupu, wiki ile ya Goma, na vijana waliomrudisha walikuwa wakiimba jina la Mamadou. Mama yule alikimbia Kivu Kusini kama tulivyokimbia sisi. Ana makovu. Alikaa chini juu ya ndoo yake, hakusema neno, mpaka jua likazama. Kama marehemu anatakiwa kutumika kwa kazi hiyo, ni heri tusimtaje kabisa.

Sentensi hiyo pia inawapa nafuu wasiostahili. Mkubwa wa Kinshasa aliyekula mshahara wa kikosi anaipenda sana. Ukisema tatizo ni kifo cha shujaa, humwulizi yeye pesa zimekwenda wapi. Unalia tu, naye analia pamoja nawe, anaweka shada la maua, anarudi kwenye gari. Hata swali la kifo chenyewe tumelizika. Serikali ilisema kwanza waliomwua ni ADF. Mwezi Novemba mwaka uleule wa 2014 mahakama ya kijeshi mjini Beni ikamhukumu kifo luteni kanali wa jeshi letu wenyewe. Kati ya kauli ile ya kwanza na hukumu hii kuna pengo ambalo jeshi lenye kujiheshimu lingelieleza mpaka mwisho: nani alipanga, nani alilipa, nani alijua. Sisi tuliompenda tungeuliza kila mwaka. Badala yake tunatumiana maneno aliyosemewa.

Yule kijana wa Katubza ameniambia akifikisha miaka 18 atarudi kujiunga na Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23 upande wa serikali. Hana kadi ya uraia, hajawahi kuiona barabara ya Sake, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kichewa kiasi kwamba kwenye kizuizi cha kwanza watamwuliza wewe ni wa wapi. Nilimwuliza atalipwa na nani, atatibiwa wapi akijeruhiwa, atamripoti nani akiona kamanda wake anauza risasi. Akasema Mamadou hakuuliza maswali hayo. Nikamwambia Mamadou alikuwa na majibu yake mfukoni kabla ya kupanda kilima: mwaka ule nchi 11 na askari 3,069 walikuwa wamekwisha kuyajibu kwa niaba yake. Hakunielewa. Nitarudi kwake tena wiki hii, na nitarudi wiki ijayo.

Ndugu zangu wa Dzaleka, tarehe 2 Januari mtakusanyika tena kumkumbuka, na nitakuja, nitakaa mbele kama kawaida. Nina ombi moja kwa wanaoandaa. Baada ya kutaja jina lake, mtajeni Chancy Chitete wa Malawi na Khatibu Mshindo wa Tanzania, kisha mwacheni yule mama mwenye ndoo aongee dakika tano, na sisi tumsikilize.